Presha ya macho: mzee wangu aliacha matone kwa sababu aliona "hayasaidii"

Hili nimekaa nalo muda mrefu sana, leo wacha niliandike. Baba yangu anaonea jicho moja, la kulia limeshapotea, na kilicholipoteza kilikuwa kinazuilika na sisi wanawe tupo hapohapo nyumbani tunamwangalia.

Ilianza mzee akawa anajigonga kwenye mlango, bega lilelile la kulia kila siku, ukimwekea kikombe upande huo anakipiga na mkono kinamwagika. Tukasema uzee. Na gazeti alikuwa anasoma vizuri tu, sasa nani angewaza macho? Kumbe presha ya macho, yaani glakoma, ile aina ya kawaida ndo inavyofanya kazi, inakula kuanzia pembeni, katikati panabaki safi mpaka mwishoni kabisa, haiumi, jicho haliwi jekundu, halafu jicho lililo zima linalifichia lenzake linaloumwa. (Kuna aina nyingine inakuja ghafla, jicho linauma vibaya, kichwa, kutapika, taa unaziona zimezungukwa na rangi. Hiyo usisubiri kesho, kimbia hospitali muda huohuo.)

Dokta alitueleza hivi: ndani ya jicho kuna maji yanatengenezwa muda wote, tofauti na machozi, na yanatoka kupitia kama kachujio kadogo. Yakichelewa kutoka presha inapanda, inaumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na nyuzi zake zikishakufa hazioti tena. Kawaida presha inacheza kati ya 10 na 21, mzee alikuwa na 34. Akapewa matone ya kuweka kila usiku.

Akaweka miezi miwili. Akasema mbona naona vilevile, hii dawa haifanyi kazi, akaacha kimyakimya na hakuna aliyemuuliza. Tulivyorudi hospitali baada ya karibu mwaka jicho la kulia lilikuwa linaona mwanga tu. Dokta akamwambia taratibu, "mzee, kuona vilevile ndo ilikuwa kazi yenyewe ya dawa." Sitasahau mzee alivyoinamisha kichwa.

Kwa hiyo kama una mtu wako anatumia haya matone, mwambie mapema kabisa kwamba hayarudishi kilichopotea na hatoona tofauti yoyote. Tungemwambia hivyo siku ya kwanza naamini asingeacha. Mimi baada ya pale nikaanza kusoma tafiti, na kuna moja ya Sweden ilitoka 2002, walichukua watu 255 ugonjwa ukiwa bado mwanzoni, nusu wakatibiwa kushusha presha, nusu wakafuatiliwa kwanza bila dawa. Baada ya kama miaka 6 wasiotibiwa 62 kati ya 100 hali ilikuwa imeendelea kuharibika, waliotibiwa ni 45. Ona hapo, hata kwenye dawa wengine waliendelea kuharibika, ndo maana kliniki haiishi, dokta anapima, anabadilisha, anaongeza.

Kingine ambacho natamani tungekijua zamani ni leza, yaani mwanga maalumu wanaoupiga kwenye kale kachujio ili maji yatoke vizuri. Uingereza walilinganisha watu walioanza na leza na walioanza na matone, majibu yakatoka 2019, karibu robo tatu ya walioanza na leza walifika miaka mitatu presha yao ipo sawa bila tone hata moja, na mwaka 2022 mwongozo wao wa matibabu ukabadilishwa leza ikawa chaguo la kwanza kwa wagonjwa wengi wapya. Haimfai kila mtu, na nguvu yake inaweza kuisha ikabidi irudiwe, ila kwa mtu anayesahau dawa kama mzee wangu, muulize daktari wako, usiogope kuuliza.

Huu ugonjwa unatembea kwenye familia, nikaenda kupima na mimi. 26 macho yote mawili, mshipa umeanza kuguswa kidogo, na mimi nilikuwa najiona mzima kabisa! Ukienda usikubali wakupime presha tu wakuruhusu, waambie waangalie na mshipa wa nyuma ya jicho, maana kuna watu presha yao ipo kawaida na mshipa unakufa hivyohivyo. Kama una pumu sema kabla hujaandikiwa dawa, kuna dawa moja ya glakoma inaitwa timololo, inaweza kukubana kifua japo ni tone tu la jicho. Na yale matone ya steroidi watu wanajinunulia macho yakiwasha, jamani, yanapandisha presha ya jicho, mtu anayatumia miezi bila kupimwa anajimaliza.

Kuweka matone nako nilikuwa nakosea. Tone moja linatosha, vuta kope ya chini, dondosha, funga jicho bila kulikaza, bonyeza pale pembeni ya pua dakika moja au mbili dawa isikimbilie kooni. Kama una dawa mbili subiri dakika tano kati yake.

Siku hizi saa tatu usiku simu yangu inalia, naweka yangu kisha naenda kumwekea mzee lile jicho lililobaki. Kaka yangu mkubwa bado anasema yeye anaona vizuri hana haja ya kupima. Nimeshamchukulia namba ya kliniki, Jumatatu naenda naye mwenyewe.