Mume Akikosa Kazi, Msikimbilie Kuamua Juu ya Kazi ya Mke

Mume wangu alipopunguzwa kazini, karibu kila aliyetupa pole aliniuliza kama sasa nitaongeza zamu. Niliongeza. Lakini nawasihi wenzangu mlio katika hali hiyo: ketini wawili kwanza, mpige hesabu.

Wachumi wamelijadili suala hili kitambo. Mwaka 1940 mchumi Woytinsky, akiitazama Marekani iliyopitia Mdororo Mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, alieleza kuwa baba akipoteza ajira, mke na hata watoto nao huanza kutafuta. Watafiti waliomfuata wamekuta kwamba hilo hutokea, ila kwa kiasi kidogo. Uingereza nako ilionekana kuwa wake wa wanaume wasio na kazi wana ajira kwa uchache kuliko wake wa wanaume walioajiriwa. Sababu mojawapo ni msaada wa serikali: ukipimwa kwa kipato cha nyumba nzima, mke akileta mshahara mdogo, msaada nao hupunguzwa. Isitoshe, ajira zikikauka katika eneo huwakaukia wote wawili. Kwa hiyo mwanamke aliyeacha kazi mume akiwa hana kitu, asiitwe mvivu.

Hesabu yenyewe iandikeni. Mshahara wa mke, toa nauli, toa malezi ya watoto, toa msaada utakaokatwa kama mnaupata. Kinachobaki kinaweza kuwa kidogo mno. Hata hivyo msiishie hapo, kwani kazi ina michango ya uzeeni na uzoefu, na aliyekwisha kutoka hupata shida kurudi. Mimi ningeishikilia hata ikiwa faida ya mwezi ni ndogo.

Kazi za nyumbani ndizo zinazowaumiza wengi. Katika kijiji cha Marienthal, Austria, kiwanda cha nguo kilifungwa na karibu kila familia ikabaki bila ajira. Watafiti, ambao ripoti yao ilitoka mwaka 1933, waliwapima mwendo watu waliopita barabarani: wanaume walitembea polepole na kusimamasimama, wanawake walipita haraka, maana nyumba ilikuwa bado inawangoja. Mume kuwa na siku nzima hakumfanyi azishike kazi za ndani. Lazima mgawane, na kila kazi iwe na mwenyewe. Mume wangu alichukua asubuhi ya watoto. Mwanzoni alinipigia simu kazini kuuliza soksi ziko wapi, nami nikamwambia aamue yeye zikae wapi. Akahamishia nguo zote za shule droo ya chini, watoto wakawa wanazitoa wenyewe. Sikuzirudisha juu, ingawa mkono uliniwasha. Ukimkabidhi mtu kazi kisha ukaipanga upya nyuma yake, ataiacha, na utakuwa na zamu mbili peke yako.

Watoto wakishaondoka, saa zake za kutafuta kazi ziheshimiwe. Asitumwe huku na huko kwa sababu tu yuko nyumbani. Wanawake tuna haraka ya kusahau hili.

Pesa nayo iwe na utaratibu. Mtu mzima kuomba nauli kila anapotoka kunamvunja, na akivunjika hata kuandika barua ya maombi kunamshinda. Tulikubaliana kiasi kiingie kwake kila nipokeapo mshahara, bila kuulizana kimeenda wapi. Simanga zikianza, hata za utani mbele ya wageni, mzikatize siku hiyohiyo.

Akipata kazi, mke asiharakishe kupeleka barua ya kuacha yake au kupunguza saa. Ajira nyingi mpya huanza na kipindi cha majaribio, na mwajiri anaweza kumwachisha mtu kwa taarifa fupi. Subirini athibitishwe, kisha mtoe tena ile karatasi ya hesabu, muiandike upya kwa mishahara miwili, na mgawane pia zile kazi za nyumbani alizokuwa amezishika.