Kabla hujawasha mashine: kwa maafisa ugani wapya wa korosho

Juzi huko Tandahimba nimemkuta kijana, hana hata miezi sita kazini, anamwelekeza mkulima apige dawa ya wadudu shamba zima kwa sababu maji moto, wale sisimizi wekundu wanaojenga viota mitini, wanawang'ata wapuliziaji. Nikazima pikipiki palepale. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili nimelisema kila msimu hadi sauti imekauka.

1. Maji moto waacheni. Mwaka wangu wa kwanza nilipangiwa kijiji kimoja Newala. Bibi mmoja mwenye ekari tatu alinipa kigoda na muhogo wa kuchoma, akasema, "Bwana shamba, hawa wananing'ata kweli, lakini marehemu mzee alikuwa hawagusi." Nilimjibu kwamba mdudu ni mdudu. Nikavaa mashine mgongoni, nikapuliza mwenyewe. Viota vikadondoka, nikafungua kimoja: majani yameshonwa kwa uzi mweupe wa mabuu wao, ndani wamejaa wekundu, wote wamekufa. Nilirudi nyumbani nimeridhika.

Wiki chache baadaye machipukizi yakatoka madoa meusi, maua yakakauka kama yaliyopitiwa na moto. Mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi na maua, si mbu wa malaria. Dawa ilipoisha nguvu, wao waliruka kutoka vichaka vya jirani wakarudi. Maji moto, waliokuwa wakiwala mbu hao, hawakurudi, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza koloni nzima. Nikamwandikia bibi dawa nyingine, akakopa. Msimu ule mzigo aliopeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, haukutosha hata deni la pembejeo. Hakunilaumu. Nilipokwenda kumwomba radhi alinipa kigoda kilekile na muhogo, na mimi sikuweza kumeza.

Mwaka uliofuata tulikata viota kwa jirani jioni, tukavitia kwenye mfuko, tukavitundika kwa bibi, kisha tukafunga kamba kutoka mti hadi mti wapate njia ya kupita. Ilichukua misimu miwili kuwarudisha. Pale Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo Mtwara, watafiti wamewachunguza maji moto hawa kwa kazi hiyohiyo ya kula mbu, nendeni mkaulize.

2. Salfa ni ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, haiui mbu wa mikorosho. Pigeni alfajiri, upepo umetulia. Na ile inayoanguka chini haipotei: bakteria wa udongoni huigeuza kuwa tindikali, na mchanga wetu wa uwanda wa Makonde hauna nguvu ya kuihimili. Mama anayepanda njugu mawe chini ya mikorosho ndiye anayeumia kwanza. Pimeni udongo kabla ya kumwambia mkulima aongeze raundi ya salfa.

3. Palizi haimalizwi kwa kiberiti. Na mliopangiwa Liwale kwenye ufuta, msimsifu mtu kwa kufungua msitu mpya kila baada ya misimu michache. Kaeni naye, mwone lile shamba la zamani lilichokaje.

4. Makopo ya dawa yasioshwe kisimani. Maji ya Newala mnajua yanavyohangaikiwa.

Yule kijana wa Tandahimba alifunga kizibo. Tukazunguka shamba pamoja na mwenye shamba tukitazama juu, tukahesabu mikorosho kumi na saba yenye viota. Tumekubaliana Jumatatu aje na kamba, mimi nitakuja na ngazi.