Muulize Mwalimu: Simu inasoma, nukta nundu za nini tena?

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Macho yalianza kufifia mwaka juzi, sasa anaona mwanga tu. Shemeji yangu amemletea simu inayosoma kwa sauti, anasema nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, ni mambo ya zamani, tusimtese mtoto. Nami nilipozigusa nilihisi vipele tu. Nifuate lipi?
Mama, Kilosa

Marahaba, mama, na pole sana. Simu mwachie. Yangu mimi haitoki mfukoni. Ila mtoto afundishwe kusoma, na aanze mapema.

Surua ilinichukua macho nikiwa na miaka sita, na nimefundisha nukta nundu miaka 31. Niliwahi kupokea kijana wa kidato cha kwanza, mwepesi kweli wa akili. Herufi alizijua, lakini tangu apate simu alikuwa ameacha kusoma, anasikiliza tu. Nikamwambia aniandikie habari za kwao. Nilipopitisha kidole kwenye karatasi yake nikakuta "ata", "uyu", "apana", na "kwasababu" imeshikana. Kwao herufi h haitamkwi, na kwa miaka mitatu hakuwa ameligusa neno "hata" likiwa limeandikwa. Angejuaje? Alikuwa na mawazo ya mtu mzima, na kila mwalimu aliyepokea kazi yake alimhesabu mbumbumbu. Iliniuma. Tulikaa naye jioni baada ya jioni, ukurasa mmoja mmoja, mpaka akaandika barua ambayo sikuwa na cha kusahihisha.

Hesabu ndiyo usiseme. Mabano, sehemu, vipeo: ukisomewa mfululizo, ukifika mwisho mwanzo umeshapotea. Kidole hurudi nyuma kinapotaka.

Sasa hivyo vipele. Kila herufi hukaa kwenye kijumba cha nukta sita: 1, 2, 3 upande wa kushoto kutoka juu kwenda chini, na 4, 5, 6 upande wa kulia. Hazizidi hapo. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni baada ya kujiumiza kwa chombo katika karakana ya ngozi ya baba yake, alikuta maandishi ya nukta 12 yaliyobuniwa na Charles Barbier. Kijumba cha nukta 12 kilikuwa kirefu, kidole hakikienei. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa ameshazipunguza zikawa sita, na herufi nzima ikaingia chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja.

Nyumbani fanya hivi. Chukua trei ya mayai, ukate kipande chenye vishimo sita, viwili kwa vitatu. Tafuta gololi. Gololi moja kwenye kishimo cha juu kushoto, hiyo ni a. Ongeza ya pili chini yake, hiyo ni b. Mtoto akishika hizo mbili tayari anaandika "baba". Kwa m weka 1, 3 na 4, naye atakuandikia "mama". Mwache apange mwenyewe, wewe usimshike mkono. Akihamia kwenye karatasi, mwambie apapase kama anayegusa uso wa mtoto aliyelala. Wengi hukandamiza wakidhani ndiyo watahisi zaidi, kumbe wanazilaza nukta na kidole kinakufa ganzi. Vitabu vyake visimamishwe wima, visirundikwe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilirundika vitabu vya darasa zima kabatini, na vya chini vikabonyea visisomeke tena. Watoto walikaa muhula mzima bila kitabu kwa kosa langu.

Halafu nenda halmashauri, umwone afisa wa elimu maalumu, uulizie shule yenye kitengo cha wasioona. Usikubali mtoto akae nyuma ya darasa akisikiliza tu.

Nimemaliza kidato cha sita, naona vizuri. Natamani kazi yako. Nianzie wapi?
Binti, Singida

Mwanangu, umenifurahisha. Uliza nafasi Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, wanakofundisha walimu wa elimu maalumu. Huko utajifunza mashine ya kuandikia nukta nundu, na pia kibao na msumari wake wa kubonyezea nukta upande wa nyuma wa karatasi, ambavyo huandikiwa kutoka kulia kwenda kushoto ili karatasi ikigeuzwa isomeke kutoka kushoto.

Nakuomba jambo moja. Walimu wengi wenye macho huzisoma nukta kwa kuzitazama, na ndiyo maana hawajui kwa nini mtoto anakwama kwenye e na i. Kwa macho zinatofautiana wazi: e ni 1 na 5, i ni 2 na 4. Kwa kidole kigeni ni mshazari tu. Jifunge kitambaa usoni, robo saa kila siku, usome kwa kidole mpaka hizo mbili ziachane.