Biti zinaungua kwenye stenlesi: kosa ni kasi, si biti

SWALI: Fundi, salaam. Nina kazi ya meza za jikoni la hoteli, bamba la stenlesi la milimita 3, matundu ya milimita 10. Natumia drili ya mkono ya wati 600. Kila biti ya HSS inatoboa tundu moja au mawili, inageuka bluu na kugoma. Muuza vifaa ananiambia nichukue zile za rangi ya dhahabu na nikandamize kitufe mpaka mwisho, maana HSS ni chuma cha kasi kubwa. Wenzangu wanasema niichovye kwenye maji ikichemka. Nifuate lipi?

JIBU: Usifuate hata moja. Hilo la "HSS ni ya kasi kubwa" ndilo limeua biti nyingi kuliko stenlesi yenyewe. Jina hilo lilitoka kwenye mashine za kukereza za mwisho wa karne ya 19. Frederick Taylor na Maunsel White, wakiwa kiwanda cha Bethlehem Steel huko Marekani, walipata namna ya kupasha na kupoza chuma chenye tungsteni mpaka kikabaki kigumu hata kikiwa moto sana, na mwaka 1900 kikaonyeshwa Paris. Visu vya chuma cha kaboni vya wakati ule vililegea kwenye nyuzi 250 hivi. Hiki kinahimili karibu 600. Kwa hiyo ni cha kasi kubwa ukikilinganisha na visu vya babu zetu. Hakuna aliyesema kizungushwe kwa nguvu zote za mota.

Kinachohesabika ni kasi ya ukingo wa biti unaposugua chuma. Zidisha 3.14 kwa kipenyo kwa milimita, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, gawa kwa 1,000: unapata mita kwa dakika. Drili nyingi za mkono hufika mizunguko 2,800 hivi. Kwa biti ya milimita 10 hiyo ni mita 88 kwa dakika. HSS kwenye chuma laini cha mageti hupenda mita 25 hadi 30. Kwenye stenlesi, 12 tu. Umeizidishia mara saba. Unatakiwa mizunguko kama 380 kwa dakika, yaani sita kwa sekunde. Piga alama ya kalamu nyeupe kwenye kichwa kinachoshika biti: kwa kasi hiyo jicho bado linaiona ikipita. Ikipotea na kuwa duara moja, umeshakwenda mbio.

Nusu ya pili ya kosa ni mkono mwepesi. Stenlesi ya jikoni (nyingi ni daraja la 304) hukomaa pale inaposuguliwa bila kukatwa. Biti ikizunguka juu yake sekunde chache bila kula, inajitengenezea ngozi ngumu kuliko bamba lenyewe, na inayofuata, hata iwe mpya, inakuta ukuta. Tena stenlesi hupitisha joto theluthi tu ya chuma cha kawaida, basi joto lote linabaki kwenye ncha. Ndiyo maana ninasema polepole lakini kwa uzito.

Piga sentapanchi (kichuma chenye ncha cha kuwekea alama ya tundu) pigo moja dogo. Ukipondaponda, umekomaza mahali pale kabla hujaanza. Bana bamba juu ya ubao, usilishike kwa mkono, na usivae glavu. Tangulia na biti ya milimita 4 kwa mizunguko 950 hivi, kisha ya 10. Usitangulize ya 8: pembe za biti kubwa zitabaki kufanya kazi peke yake na zitamomonyoka. Tia mafuta ya kukatia chuma. Ukikosa, mafuta ya kupikia yanafaa kuliko oili chafu ya gari. Egemea mpaka utoke uzi wa chuma uliojikunja, usiiache biti ikizunguka bure hata sekunde moja, kisha punguza uzito ncha inapotokeza upande wa pili, maana hapo ndipo inaponasa na kukupindua kiwiko. Ikianza kutoa vumbi badala ya uzi, simama. Biti imekufa au tundu limekomaa. Geuza bamba, anzia nyuma kwa biti kali.

Maji sasa. Biti iliyoiva moto ukiichovya, makali yanapata nyufa ndogo usizoziona na yanamegeka tundu linalofuata. Na rangi ya dhahabu ni utando mwembamba wa maikroni chache (elfu moja ni milimita moja), tena baadhi ni rangi tupu. Ukiinoa, ncha imeshabaki bila utando. Ukitaka kulipia zaidi, lipia biti za HSS zilizochanganywa kobalti: daraja la M35 lina asilimia 5, M42 lina 8. Hizo kweli hustahimili joto, ila ni kavu, drili ikiyumba zinakatika.

Rangi ya bluu pekee bado si kifo cha HSS. Pitisha tupa kwenye makali: ikiteleza, noa uendelee. Tupa ikila, umeuziwa chuma cha kaboni chenye chapa ya HSS. Iguse kwenye jiwe la grenda: kaboni hurusha cheche nyeupe zinazopasuka kama fataki, HSS hutoa chache, nyekundu zilizofifia.

Ugonjwa huohuo wa kudhani mota yenye mbio ndiyo kazi nzuri ninauona kwenye grenda, na huko hauharibu biti, unapasua uso. Mtu anavua kifuniko cha grenda ndogo inayozunguka mara 11,000 kwa dakika na kufunga diski ya milimita 230, ati inakata haraka. Diski hiyo imeandikwa mwisho 6,600, yaani mita 80 kwa sekunde ukingoni. Juu ya grenda ndogo inafika 132, na nguvu inayoivuta isambaratike inakaribia mara tatu. Hakuna ujanja wa kuifunga vizuri utakaoiokoa. Kabla ya kufunga diski yoyote, soma namba iliyo juu yake na ile ya kwenye kibati cha grenda. Ya grenda ikiwa kubwa, irudishe diski ulikoitoa, na kifuniko kikae pale kilipowekwa na kiwanda.