Je, Mkristo yuko chini ya sheria au chini ya neema?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Nimechanganyikiwa, mhubiri mmoja anasema tuko chini ya neema kwahiyo hata zile amri kumi hazituhusu, mwingine anasema usiposhika torati mbinguni huendi. Mimi nimeokoka ila kuna dhambi nairudia rudia, nikasoma Wagalatia kwamba mtu anaweza kuanguka kutoka kwenye neema nikaogopa sana, hii wiki ya pili sijaomba. Naomba unisaidie.

JIBU: Amina dada yangu, na pole kwa hizo wiki mbili, hapo ntarudi.

Mstari wanaougombania wengi ni Warumi 6:14, "dhambi haitawatawala ninyi, kwa sababu hamwi chini ya sheria, bali chini ya neema." Watu wanakimbilia nusu ya mwisho wanaiacha ya mwanzo. Paulo anasema dhambi HAITAWATAWALA, na sababu anayoitoa ni neema, sasa mtu anayetumia neema kama ruhusa ya kuzini au kudhulumu amegeuza mstari kichwa chini, na Paulo alishajua watu watafanya hivyo maana mstari unaofuata tu anauliza, je tutende dhambi kwa kuwa hatupo chini ya sheria? Akajibu Hasha!

Kuwa "chini ya sheria" maana yake sheria ndiyo inayokuhesabia haki au kukulaani. Na ukichagua njia hiyo ni yote au hakuna, Wagalatia 3:10 inasema amelaaniwa kila asiyedumu katika YOTE yaliyoandikwa kwenye torati. Walimu wa Kiyahudi wamezihesabu amri hizo wakapata 613. Huyo anayekwambia ushike torati muulize kama yeye anazishika zote, pamoja na za dhabihu, maana hekalu lenyewe la Yerusalemu, zilikotolewa dhabihu hizo, lilibomolewa mwaka 70 na Warumi. Mitume wenyewe walikaa kikao Yerusalemu kwa jambo hili hili, Matendo 15, baada ya watu kudai mataifa, yaani wasio Wayahudi, wasipotahiriwa hawawezi kuokoka, na Petro akasimama akasema kwanini mnamjaribu Mungu kwa kuwawekea wanafunzi kongwa ambalo baba zetu wala sisi hatukuweza kulichukua.

Halafu kuna lile neno Wagalatia 3:24, torati imekuwa "kiongozi" kutuleta kwa Kristo. Kwa Kigiriki ni paidagogosi, na huyo hakuwa mwalimu, alikuwa mtumwa wa nyumbani aliyepewa kazi ya kumlinda mtoto, kumpeleka kwa mwalimu, kumkemea akipotoka. Mtoto akishakuwa mtu mzima yule mtumwa hamfuati tena njiani, lakini haina maana kwamba sasa aanze kuiba! Yale aliyokuwa anasukumwa kuyafanya sasa yanatoka ndani yake, na ndicho Mungu alichoahidi kwenye Yeremia 31 kwamba sheria yake ataiandika mioyoni. Ndio maana Yesu akasema hakuja kutangua torati bali kutimiliza, na Paulo huyo huyo wa neema anawaandikia Warumi sura ya 13 usizini, usiue, usiibe, akasema zote zinajumlishwa katika kumpenda jirani yako kama nafsi yako.

Na hata kule Sinai, watu hawaangalii mpangilio. Kutoka 20, kabla ya amri ya kwanza Mungu anasema mimi ni Bwana Mungu wako niliyekutoa katika nchi ya Misri. Hakuwaambia wakiwa utumwani shikeni hizi kumi halafu ntawatoa, alishawatoa tayari, bahari wameshavuka. Wokovu ulitangulia, utii ukafuata, na mpaka leo ni hivyo hivyo. Wahubiri wako wote wawili wamekosea hapa, mmoja ameukata utii, mwingine ameuweka mbele.

Sasa hofu yako. Rudi Wagalatia 5:4 usome taratibu, wanaoambiwa wameanguka kutoka katika neema ni akina nani? Ni "ninyi mtakao kuhesabiwa haki kwa sheria." Siyo mtu aliyejikwaa na analia, ni yule anayemwacha Kristo ili ajitengenezee haki yake mwenyewe. Na wewe ulivyoacha kuomba ukisubiri kwanza uwe safi, bila kujua umeanza kuelekea huko huko unakokuogopa. Siichukulii hiyo dhambi kirahisi, iache kabisa, na kama inahusisha mtu mwingine jitenge nayo, tafuta mama mmoja wa imani unayemwamini umweleze, Yakobo 5:16 inasema tuungamane dhambi na kuombeana. Lakini kuomba usisubiri. Waebrania 4:16 inasema tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri ili tupewe rehema, na rehema anapewa mwenye kosa. Omba leo usiku kabla hujalala, hivyo hivyo ulivyo.