Bunge limepiga kura, mbona askari hawarudi?

SWALI: Wakili, mdogo wangu alipata viza ya bahati nasibu akaenda Marekani, na sasa ni askari wa huko, yuko nje vitani. Nimesikia Bunge lao limepiga kura majeshi yaondoke. Jamaa mmoja Kariakoo anasema sheria inamlazimisha rais kuwarudisha ndani ya siku 60, na nikimpa laki tatu ataandika maombi mdogo wangu awe kundi la kwanza. Nimlipe?
Dada wa Tandika, Dar es Salaam

JIBU: Usimlipe, dada yangu, hata shilingi. Nani anaondoka lini hupangwa na wakuu wa jeshi lenyewe. Mzazi akiugua sana au kufariki, familia hupeleka taarifa kupitia Msalaba Mwekundu wa Marekani, nao huithibitisha na kuifikisha kwa mkuu wa kikosi bure. Ujue pia kwamba kuondolewa vitani si kuachishwa jeshi. Mkataba aliousaini mdogo wako unabaki palepale, na kikosi kikitoka huku kinaweza kupelekwa kwingine.

Hizo siku 60 ndizo zinazonichosha. Sheria ipo kweli: ilipitishwa Novemba 1973, Rais Nixon akiwa ameikataa, Bunge likamshinda kwa theluthi mbili ya kura. Inasema rais akiingiza majeshi kwenye mapigano bila idhini ya Bunge, ayasimamishe ndani ya siku 60, na anaweza kuongezewa 30 za kuwatoa salama. Wauzaji wa matumaini huishia hapo. Hawakwambii kwamba Bunge likishatoa idhini, hesabu hiyo haipo. Hawataji Kosovo mwaka 1999, mabomu ya Marekani na washirika wake yaliposhushwa kwa siku 78. Wabunge waliokwenda mahakamani waliambiwa hawana haki ya kufungua kesi ile. Wala Libya mwaka 2011, serikali ya Obama ilipovuka siku 60 ikidai kwamba kazi ile haikufikia kuitwa mapigano.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba kura ikishapigwa imekuwa sheria. Bunge lao lina mabaraza mawili. Mwaka 2019 Seneti ilipiga kura 54 kwa 46 kuitoa Marekani kwenye vita vya Yemen, na Baraza la Wawakilishi 247 kwa 175. Watu wakashangilia. Aprili 16 Rais Trump akatumia kura ya turufu, yaani akakataa kusaini. Kuishinda kulihitaji theluthi mbili. Seneti ikaambulia 53 kwa 45, na habari ikaishia hapo. Bush naye, Mei 1, 2007, aliukataa muswada uliokuwa na ratiba ya kuondoka Iraq.

Panapombana rais ni kwenye fedha. Juni 1973 Nixon alikataa muswada uliozuia fedha za kupiga mabomu Kambodia, na Bunge likakosa theluthi mbili. Lakini serikali haiendeshwi bila bajeti, kwa hiyo wakakubaliana tarehe: Agosti 15. Siku ile mabomu yakakoma. Somalia nayo, baada ya askari 18 wa Marekani kufa katika mapigano ya Mogadishu Oktoba 1993, Clinton alitaja Machi 31, 1994 kuwa mwisho, na Bunge likaiandika tarehe hiyohiyo kwenye sheria ya fedha za jeshi. Hata hapo waliruhusiwa kubaki wachache wa kulinda ubalozi na raia wao. Vifungu vya namna hiyo visome kwanza, maana ndimo askari wengi hubakia.

Hapa kwetu upotoshaji ni uleule. Askari wetu walipouawa Semuliki, Kongo, Desemba 2017, palikuwa na watu waliosema Bunge likae tu Dodoma lipitishe azimio na vijana watarudi. Ibara ya 148 ya Katiba inampa Amiri Jeshi Mkuu mamlaka ya kuamuru majeshi kufanya shughuli ndani au nje ya nchi. Bunge likikataa bajeti ya Serikali, Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja. Azimio lina uzito wa kisiasa, nami nataka wabunge wetu wayajadili mambo haya kwa sauti, lakini azimio peke yake halimwamuru kamanda.

Familia za askari, za huko na za hapa, zinanyonywa na watu wanaosoma kichwa cha habari kisha wanakuja kudai ada. Mtu akikutajia idadi ya kura bila kukuambia kama rais amesaini na kama fedha zimekatwa kuanzia tarehe gani, usimpe pesa yako, wala usimpe namba ya kikosi cha ndugu yako.