Maswali ya wiki hii: msalaba wa kujitwika na mzigo wa kutwikwa

Bwana asifiwe wapendwa. Ugonile kwa ndugu zangu wa Rungwe na Kyela, kamwene kwa wa Iringa na Njombe. Meseji zimekuwa nyingi na hii baridi ya mwezi wa saba hapa Mbeya vidole vinakakamaa kwenye simu, kwaiyo nimechukua machache tu, mengine tutaendelea Mungu akipenda.

Mama wa Mafinga anauliza: "Mume wangu amepooza, huu mwaka wa tatu, namlisha namuogesha mwenyewe. Kanisani wananiambia huo ndo msalaba wako, ubebe tu. Ni kweli?"

Pole sana mama, pole tena. Najua wanasema hivo kwa nia njema ila mi siwezi kukubaliana nao moja kwa moja na nitakwambia kwanini.

Fungua Luka 9:23. Yesu anasema anayetaka kumfuata ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake kila siku. Ajitwike. Wewe umekulia huku kwetu, kuni umebeba, unajua kujitwika na kutwikwa ni vitu viwili. Mzigo ukiwa mzito unaweka ngata kichwani unasimama, mwenzako anakutwika. Ukiwa peke yako porini unauegemeza ule mzigo kwenye kichuguu, unapiga goti, unaingiza kichwa chini yake, unainuka nao taratibu huku shingo inatetemeka. Hakuna aliyekulazimisha, ungeweza kuuacha pale pale ukarudi nyumbani mikono mitupu. Sasa hiyo ndo picha ya Luka 9, msalaba ni ule unaoupata kwa sababu umeamua kumfuata Yesu, na ungemwacha yeye ungekuwa umeukwepa. Tena wale waliomsikia siku ile hawakuwaza shida za nyumbani kabisa, wao walishaona Warumi wanavyomfanya mtu aliyehukumiwa, anabebeshwa mti anapitishwa njiani watu wanaangalia, na mtu huyo harudi.

Ugonjwa wa mume wako hukujitwika mama, umetwikwa. Na kwenye Biblia yupo mwenzako. Luka 23:26, Simoni Mkirene, mtu katoka zake shamba, pengine anawaza kufika nyumbani ale, askari wakamkamata wakamtwika msalaba wa Yesu. Hakuomba, hakuulizwa. Lakini angalia Luka anavyomaliza, anasema aliuchukua nyuma yake Yesu. Mitume wengi walikuwa wameshakimbia, Petro ameshakana, na huyu mtu wa kulazimishwa ndo yuko karibu na Bwana kiasi cha kuona mgongo uliochapwa viboko. Alafu Marko 15:21 anamtaja kama baba yao Aleksanda na Rufo, bila kueleza hao ni akina nani, yani anaandika kama kwamba waliosoma Injili yake walikuwa wanawajua vijana wale. Mi naamini nyumba ile ilikuja kuwa nyumba ya waamini. Kwaiyo sikwambii mzigo wako hauna maana, nakwambia usikubali mtu autumie kukunyamazisha.

Na hao waliokwambia ubebe tu, wasomee Wagalatia 6:2, mchukuliane mizigo. Mtu aliyepooza anatakiwa ageuzwe kila baada ya masaa kama mawili asipate vidonda vya mgongoni, na wewe usiku unalala saa ngapi? Waambie wazi mama, nahitaji watu wawili Jumatano na Jumamosi waje wamgeuze na kumuogesha mi nipumzike. Usione aibu.

Kaka wa Uyole, mnunuzi wa viazi: "Nimeokoka mwaka juzi. Wenzangu wote wananunua lumbesa, yani gunia lililojazwa kupita kipimo kwa bei ile ile, na nikikataa napata hasara. Si tumeokolewa kwa neema sio kwa matendo? Biashara inaingiaje hapo?"

Hili swali limenikalia moyoni wiki nzima kaka, kwa sababu mimi nimelelewa na viazi, ada yangu yote imetoka shambani. Nikiwa darasa la tatu alikuja mnunuzi nyumbani na magunia yake, vijana wake wakajaza mpaka mdomoni, alafu wakaendelea kupanga viazi juu, kimoja kimoja, wanazungushia kamba wanashona, wanapanga tena wanashona, gunia likawa refu kuliko mimi. Bei ilikuwa imepatanwa kwa gunia sio kwa kilo. Baba amesimama pembeni kofia iko mkononi, hasemi kitu, maana akikataa viazi vinaozea shambani na barabara ndo ile. Jioni tukamkaribisha yule mnunuzi chakula, akaomba yeye, aliomba vizuri sana, na baba akaitikia amina. Mpaka leo nakumbuka ile amina.

Sasa neema. Ni kweli kabisa, Waefeso 2:8 na 9, tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo mtu asije akajisifu. Huo mstari tunaupenda na ni wa kweli, ila wengi tunafunga Biblia hapo, ule wa 10 hatuufikii, unaosema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Matendo hayakununulii wokovu. Ila wokovu ukishaingia nyumbani kwako utaingia mpaka stoo.

Mwangalie Zakayo, yule mkuu wa watoza ushuru, Luka 19. Yesu hakumwambia rudisha kwanza hela za watu ndo nije kwako. Alimwambia shuka upesi, leo nashinda nyumbani kwako. Neema ikatangulia. Alafu Zakayo mwenyewe bila kudaiwa akasimama akasema nusu ya mali nawapa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Hiyo nusu na hiyo mara nne hakuambiwa na mtu, alijitwika. Na Yohana Mbatizaji kwenye Luka 3:13 watoza ushuru walipomuuliza tufanye nini hakuwaambia acheni kazi, aliwaambia msitoze zaidi ya mlivyoamriwa. Wewe pia usiache viazi. Lakini lumbesa ni dhuluma, Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na hata sheria ya nchi inakataza, gunia lisizidi kilo 100.

Hasara utapata, sikudanganyi. Yesu mwenyewe kwenye Luka 14:28 anasema anayetaka kujenga mnara akae kwanza apige hesabu. Kaa kaka, chukua daftari, andika bei ya kilo shambani, vibarua wa kupakia, ushuru, nauli ya lori mpaka Dar, alafu uone ukinunua kwa mzani unabaki na nini. Anza na wakulima wachache uwaambie mimi napima. Tafuta hata mnunuzi mmoja mwenzako aliyeokoka muingie pamoja, peke yako msimu wa kwanza utakuwa mgumu mno. Na kama kuna mzee fulani unajua ulimuumiza msimu uliopita, unajua na kwake, nenda.

Binti wa chuo, hapa hapa Mbeya: "Nimeokoka mara nne sasa, kila mkutano wa injili wakiita mbele naenda, nikikaa miezi miwili naanguka. Hivi nimeokoka kweli?"

Mdogo wangu, Yohana 13:10. Petro alitaka aoshwe na mikono na kichwa, sio miguu tu, Yesu akamwambia aliyekwisha kuoga hana haja ila ya kunawa miguu. Kama umewahi kukaa Tukuyu kipindi cha mvua unaelewa hii bila kuhubiriwa. Unaoga asubuhi, unavaa, unaenda sokoni, unarudi tope limefika kwenye vifundo. Hurudi kuoga upya kila ukifika mlangoni, unanawa miguu unaingia ndani. Dhambi ya juzi ni tope la njiani, nenda kwa Bwana uitaje kwa jina lake, unawe, uingie. Sisemi tope ni zuri, na kama unapita kwenye dimbwi lile lile kila wiki basi badilisha njia, na hapo najua unajua naongelea nini na nani.

Petro alikana mara tatu na Yesu hakumuita mbele aokoke tena. Pale ziwani, Yohana 21, alimuuliza mara tatu wanipenda, akampa kazi ya kulisha kondoo. Tafuta kikundi kidogo cha maombi hapo chuoni, watu watano wanaokujua jina na wanaoweza kukuuliza wiki yako imeendaje, kitakusaidia kuliko mkutano wa tano.

Mwingine, hakusema anatoka wapi: "Yule mwizi msalabani aliokoka dakika ya mwisho, kwahiyo hata mimi nitaokoka nikizeeka."

Walikuwa wawili ndugu yangu. Wote wawili walikuwa umbali ule ule kutoka kwa Yesu, wote walimsikia, na mmoja akamtukana. Na huyu aliyeokoka hakuna mahali imeandikwa kwamba aliwahi kumsikia Yesu kabla ya hapo akaahirisha. Wewe umeshasikia.

Bibi wa Makete, ameandikiwa na mjukuu wake: "Magoti yamekataa, kanisa liko ng'ambo ya bonde, mwaka mzima sijafika. Je mimi bado ni mwanafunzi wa Yesu?"

Shikamoo bibi. Ndio, bado. Mjukuu wako ameniandikia kwamba kila alfajiri kabla moto haujawaka unawataja majirani kwa majina, nyumba kwa nyumba, hata yule mliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Kumuombea huyo wa mpaka hujatwikwa na mtu bibi, umejitwika, na ni kila siku kama Luka alivyoandika. Wewe mjukuu unayesoma hii, Jumapili ukienda ibadani muone mzee wa kanisa, mwambie bibi anaomba Meza ya Bwana iletwe nyumbani. Wagonjwa na wazee huwa wanapelekewa, ni utaratibu wa siku zote. Akisema wamesahau mkumbushe tena Jumapili inayofuata, na siku wanakuja uwashe moto mapema, wanatembea mbali na Makete ni baridi.